EGFR: Kipokezi Kinachoendesha Saratani ya Ubongo

Asanteni kwa kuja. Leo nitazungumzia protini moja tu, EGFR, maana ukiielewa hiyo utaelewa kwa nini glioblastoma, saratani kali ya ubongo, inatusumbua kiasi hiki.

EGFR ni kipokezi kilichopenya utando wa seli. Kichocheo cha ukuaji kikijishika upande wa nje, vipokezi viwili huungana, na sehemu ya ndani huiamuru seli igawanyike. Kichocheo kikitoweka, amri hukoma.

Sasa angalieni kinachotokea kwenye glioblastoma. Kwa karibu nusu ya wagonjwa, jeni ya EGFR, ambayo makao yake ni kromosomu ya 7, hujirudufu kupita kiasi. Mara nyingi nakala hizo hukaa nje ya kromosomu, kwenye vipande vya DNA vya duara. Seli ikigawanyika, vipande hivyo havigawanywi sawasawa: moja hupata lundo, nyingine huambulia vichache. Hilo lishikeni, tutalihitaji.

Kisha, takriban nusu ya uvimbe wenye nakala hizo nyingi huwa na EGFRvIII, yaani EGFR iliyopungukiwa kipande. Eksoni, yaani vipande vya jeni vyenye maelekezo ya protini, za 2 hadi 7 zimekatwa, na asidi amino 267 za upande wa nje hazipo. Kipokezi hiki hakishiki tena kichocheo, lakini hakinyamazi. Ni kengele ya mlango iliyokwama, inalia na mgeni hakuna.

Kwenye saratani ya mapafu, mabadiliko ya EGFR hukaa ndani, penye kimeng'enya kinachotoa amri, na erlotinib, dawa ya kukizuia, imewasaidia wengi. Kwenye glioblastoma mengi yako nje, na dawa hiyo haikufua dafu. Kizuizi kati ya damu na ubongo nacho huzuia dawa nyingi zisipenye.

Kwa kuwa tishu zenye afya hazina EGFRvIII, ilitengenezwa chanjo ya kuilenga, rindopepimut. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 745, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha haikurefusha maisha. Kwangu mimi, somo kubwa liko hapa: ugonjwa uliporudi, wengi waliopimwa upya hawakuwa tena na EGFRvIII, wakiwemo ambao hawakupewa chanjo hiyo. Vile vipande vya duara huongezeka na kupotea, na shabaha yetu hupotea navyo.

Kwa hiyo nawasihi madaktari wenzangu: saratani ikirudi, msimwandikie mgonjwa tiba inayolenga EGFRvIII kwa kutegemea kipimo cha upasuaji wa kwanza. Inapowezekana, chukueni sampuli mpya.