Kisenyi na Katwe: Biashara Iliyozaliwa Mpakani

Wazee wangu, ndugu zangu, asanteni kwa kuitikia wito. Wengi hupita Kisenyi, mtaa jirani wa Katwe hapa Kampala, wakaona matope, vinu vya mahindi na msongamano, wakasema mtaa huu umejiotea ovyo. Mimi nasema umejengwa na sheria, tena kwa miaka mingi.

Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa ardhi kwa mailo, yaani milki binafsi ya kudumu iliyopimwa kwa maili za mraba, ikawa mikononi mwa Kabaka, mfalme wa Buganda, machifu na wakubwa wengine. Wakoloni nao wakajitengea mji wao, ulioanzia kwenye ngome ya Lugard, ofisa wa Kiingereza, pale Old Kampala. Kisenyi na Katwe zikabaki ndani ya Kibuga, makao makuu ya Kabaka, chini ya serikali ya Buganda iliyokaa Mengo. Ukivuka mpaka, umebadilisha serikali.

Upande wa mji yalitawala maduka ya Wahindi. Allidina Visram, mfanyabiashara aliyeanzia pwani, ndiye aliyewatangulia wengi, na reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 bidhaa zikamiminika. Huko lazima ujenge kwa kanuni za mji, na kanuni zilidai mtaji. Kibuga hazikufika. Mwenye mailo alikupa kiwanja kwa kodi, ukasimamisha kibanda cha udongo, ukaanza: kushona nguo, kutengeneza baiskeli, kupika chakula cha kuuza, kupangisha vyumba kwa vibarua waliotoka Ankole, Rwanda, Acholi na Kenya. Naomba tulipe jambo hili uzito wake. Kwa Mwafrika asiye na mtaji, huo ndio ulikuwa mlango wa kuingilia biashara ya Kampala. Na watu wa lugha nyingi namna ile walipohitaji kuelewana bei, Kiswahili kikapata makao, ingawa wakuu wa Buganda hawakukitaka.

Katwe ikawa kitovu cha siasa pia. Mwaka 1959 Augustine Kamya na Uganda National Movement waliwataka watu wasusie maduka ya Waasia. Serikali ikalipiga marufuku lile vuguvugu, lakini wachuuzi wa Kiafrika walikwisha kuonja nafasi. Mwaka 1968 mipaka ya jiji ikapanuliwa ikaimeza Kibuga. Mailo ikabaki vilevile, ndiyo maana hadi leo mpango wowote wa jiji hapa hukwama kwa mwenye ardhi na mpangaji wake.

Kisha 1972. Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka yakagawiwa, mengi kwa wanajeshi na watu wao, na rafu zikabaki tupu. Bidhaa zikapatikana kwa magendo, vipuri vikaadimika. Hapo ndipo mafundi wa Katwe walipopata kazi ambayo hawakuitafuta: chuma chakavu kikageuzwa kipuri, sufuria, sigiri, baadaye mashine nzima. Nendeni Katwe mkaone. Vinu vya kusagia unga wa posho vinaundwa pale kwa nyundo na moto wa kuchomelea, na fundi kijana hujifunza akiwa amesimama kando ya fundi mkubwa.