Usimuulize Atamaliza Lini

Asanteni. Kaeni, kaeni. Mliowahi kunisikia mnajua ninakoelekea, basi vumilieni, maana kuna wenzenu wamekuja leo kwa mara ya kwanza na nyumbani wana kijana ambaye mwaka wa pili huu "anamalizia kidogo chuoni."

Sitawaambia kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Watoto wenu wameusikia wimbo huo tangu chekechea, na anayekwama muhula wa mwisho hakwami kwa sababu hakuusikia vizuri. Wala simzungumzii wa mwaka wa kwanza anayeichukia kozi yake. Huyo akitaka kubadilisha, mwacheni abadilishe mapema. Wangu mimi ni yule aliyebakiza kidogo.

Nimefanya kazi ya ushauri wa wanafunzi muda mrefu. Mama mmoja alimleta binti yake ofisini. Binti ni mtu mzima, lakini aliyekuwa akizungumza ni mama: tumemsomesha, tumemwombea, kila wiki namuuliza utamaliza lini, ananijibu karibu, mama, karibu. Nikamwomba mama atusubiri nje. Hakupenda. Akatoka hivyo hivyo.

Nikamuuliza binti, kimebaki nini? Akajibu, mambo mengi. Nikamsogezea karatasi, nikamwambia yaandike. Akaandika: ripoti ya utafiti. Akatafuna kalamu kidogo. Akaandika: kurudia mtihani wa takwimu. Kalamu ikasimama. Mambo mengi yalikuwa mawili.

Ripoti imefika wapi? Iko kwa msimamizi. Tangu lini? Kimya. Nikamwomba afungue barua pepe yake ya chuo hapo hapo. Nenosiri kalisahau, tukahangaika nalo, likapatikana. Barua ya msimamizi ilikuwepo, ina miezi, na maandishi yake bado meusi ya kukoza, yale ya barua ambayo haijasomwa. Aliiona siku ilipoingia. Akaogopa, akasema nitaisoma jioni. Jioni ikawa kesho, na kesho mnaijua wenyewe. Tulipoifungua: eleza vizuri ulivyochagua sampuli katika sura ya tatu, majedwali mawili hayana vichwa, panga upya marejeo, kisha niletee. Basi! Hakuna aliyemwambia aanze upya. Miezi yote ile binti alikuwa anaikimbia kazi ya wiki chache.

Sasa namwona baba mmoja pale anatikisa kichwa: huo ni uvivu. Hapana, mzee wangu. Mvivu hajifichi. Mvivu analala sebuleni mchana kweupe na anakuomba umpishe kwenye kochi. Huyu alikuwa anatoka nyumbani kila asubuhi na begi mgongoni, anaaga kwamba anakwenda maktaba. Ile ni aibu, na aibu inachosha kuliko kazi.

Na tazameni swali la mama linavyoingia hapo. Ukimuuliza kijana "utamaliza lini," unamdai tarehe. Hana tarehe, kwa hiyo anaitunga. Mwezi wa sita. Mwezi wa sita unafika, hakuna kitu, anatunga nyingine. Sasa hana tena deni la ripoti peke yake, ana na deni la uongo kwa mama yake, na hili la pili ndilo linalomfanya asipokee simu. Umemuuliza kwa upendo, sikatai, lakini kila ukiuliza unampandishia ukuta tofali moja. "Kimebaki nini" ni swali jingine kabisa. Hilo halijibiwi kwa tarehe. Linajibiwa kwa orodha, na orodha mtu anaweza kukaa nayo mezani akaanza na jambo dogo kuliko yote.

Halafu kuna kijana mjanja, yupo katika kila ukumbi, atakuambia: mbona Bill Gates aliacha chuo? Vizuri, tumzungumzie Gates. Aliingia Harvard mwaka 1973, akaondoka 1975 kwenda kuanzisha Microsoft. Ona hapo: aliondoka akiwa na pa kwenda. Na mwaka 2007, Harvard walipomtunuku digrii ya heshima, alisimama mbele ya watu akamwambia baba yake kwamba siku zote alimwahidi angerudi kuichukua digrii yake. Tajiri kupindukia, na bado neno la baba lilikuwa kichwani! Shaquille O'Neal naye aliondoka chuoni mwaka 1992 kwenda kucheza mpira wa kikapu wa kulipwa, akapata fedha ambazo hakuna aliyemo humu atazihesabu. Akarudi, akahitimu mwaka 2000, kwa sababu alimwahidi mama yake. Kwa hiyo mkiletewa mifano ya matajiri, na ninyi mnayo.

Mjanja wa pili amesoma uchumi kidogo. Yeye anasema: miaka niliyoitumia imeshapita, si sababu ya kuendelea. Kweli kabisa, nampa maksi zote. Basi aifanye hesabu hiyo mpaka mwisho. Kama iliyopita haihesabiwi, kinachopimwa ni kilichobaki dhidi ya atakachopata. Kilichobaki ni mtihani mmoja na ripoti. Atakachopata ni digrii nzima, si kipande cha digrii. Na wachumi wamelipima jambo hili tangu miaka ya 1980: mwaka unaofunga masomo kwa cheti huongeza kipato zaidi ya mwaka mwingine wowote uliotangulia. Mwajiri haulizi ulisoma masomo mangapi, anaomba cheti. Huko Marekani wanaoshindwa zaidi kurejesha mikopo ya masomo ni wale ambao hawakuhitimu. Deni wanalo, karatasi hawana. Na wewe unayetaka kuniambia kuna wenye digrii wasio na kazi, najua, wengine wako humu. Sijasema digrii inatoa kazi.

Naona naonyeshwa saa. Haya, haraka haraka.

Salio la ada: nendeni ofisi ya fedha mkaulize kiasi kamili na kama mnaweza kulipa kwa awamu. Msikadirie nyumbani. Familia nyingi zinaogopa kiasi ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiuliza. Muda: vyuo vingi vina ukomo wa miaka ya kukamilisha programu, na ukipita, masomo uliyofaulu yanaweza kuhesabiwa yamekufa. Hilo ulizeni kesho, kabla ya kitu kingine chochote. Aliyesimama bila kuahirisha rasmi, ampate msajili aombe kurejea. Na kijana anayeumwa, aliye na msongo unaomnyima usingizi, aanzie kwa daktari, ripoti itasubiri. Nilitaka kusema pia juu ya wanaosoma huku wanafanya kazi, hao wana mhadhara wao, siku nyingine.

Ila hili la barua ya kuomba kurejea. Inaandikwa na mwanafunzi, kwa maneno yake, kwa saini yake. Msajili akiona mwandiko wa mzazi anaujua. Mama wa safu ya pili, nimekuona umeshaanza kuiandika. Funga daftari hilo, mpelekee yeye kalamu.

Haya, maswali. Tuanze na baba aliyekuwa anatikisa kichwa.