Gitaa Lisilo na Namba: Kulitambua Gitaa la Majaribio

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi ni Zuhura, na kama kawaida niko na kaka Musa. Leo tunashughulikia ujumbe wa msikilizaji mmoja. Amenunua gitaa kuukuu la umeme. Halina namba ya mfululizo, kichwa chake hakifanani na cha modeli yoyote anayoijua, na aliyemuuzia kamwambia lilikuwa gitaa la majaribio la kiwandani. Anauliza: nitajuaje kama ni kweli?

MUSA: Ahsante, dada. Kwanza tulitenge hilo neno "majaribio", maana linabebeshwa mzigo usio wake. Kiwandani hutoka magitaa ya ajabu ya kila namna. Kuna lililoagizwa na mteja aliyetaka rangi yake mwenyewe. Kuna lililotengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya biashara. Kuna lile ambalo mfanyakazi alichukua bodi, yaani kiwiliwili cha gitaa, iliyokataliwa na wakaguzi, akaifungia shingo ya mwaka mwingine, akaenda nalo nyumbani. Yote hayo yametoka kiwandani kweli, lakini si ya majaribio. La majaribio ni lile lililoundwa ili kiwanda kijue jambo ambalo kilikuwa bado hakijui.

ZUHURA: Kwa hiyo swali la kwanza si "ni adimu kiasi gani" bali "kilikuwa kinajaribiwa nini".

MUSA: Hapo hapo. Chukua Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni ya magitaa ya Fender, mwaka 1949, Fullerton, California. Gitaa lake la kwanza la aina iliyokuja kuwa Telecaster lina bodi ya msonobari iliyopakwa rangi nyeupe, pikapu moja, yaani kifaa cha kunasa mtikisiko wa nyuzi, na kichwa chenye vigingi vitatu vya kukazia nyuzi kila upande. Wafuatiliaji hulitaja kwa umbo la kichwa hicho, kichwa cha nyoka. Ukija kwenye gitaa la pili la majaribio, vigingi vyote sita vimeshahamia upande mmoja. Hapo unamwona mtu akibadilisha mawazo, na mawazo yale ndiyo yaliyoingia dukani.

ZUHURA: Na shingo zake hazikuwa na fimbo ya chuma ndani.

MUSA: Hazikuwa nayo. Hata Esquire, magitaa ya Fender ya dukani, za mwanzo kabisa za 1950 zilitoka bila fimbo. Fender aliamini mbao ya maple ni ngumu vya kutosha. Shingo zikaanza kupinda, fimbo ikawekwa. Sasa mtu akikuletea gitaa analosema ni la majaribio ya 1949, na ndani ya shingo kuna fimbo, ana maelezo mengi ya kukupa.

ZUHURA: Mimi naomba tukae kwenye mbao, maana huko ndiko mikono yangu iliko. Gitaa la kuuza linachongwa kwa kigezo. Fundi anaweka kigezo juu ya bodi, mashine inakifuata, na bodi mia zinatoka na mashimo yaleyale, kona zilezile, kina kilekile. Gitaa la majaribio mara nyingi limechongwa kabla kigezo hakijakamilika. Utakuta tundu la pikapu limepanuliwa baadaye. Utakuta shimo la skrubu limezibwa kwa kijiti, na shimo jipya limetobolewa milimita chache kando yake. Utakuta mchoro wa penseli unaoonyesha mahali daraja la kushikilia nyuzi lilipokusudiwa kukaa, na daraja halipo hapo.

MUSA: Lakini seremala yeyote anaweza kuziba shimo.

ZUHURA: Anaweza, ndiyo maana shimo peke yake halinitoshi. Mimi natafuta mpangilio wa matukio, nini kilitangulia na nini kikafuata. Kama shimo lilizibwa kabla ya gitaa kupakwa laka, ule mpako wa juu, basi laka imepita juu ya kile kijiti bila kukatika, na nyufa nyembamba za uzee zinavuka kutoka kwenye mbao ya bodi hadi kwenye kijiti na kuendelea. Kama tundu lilichongwa baada ya rangi, ukingo wa laka umemeguka na ndani mbao iko wazi. Sasa nikikuta badiliko lililofanywa kabla ya laka ya asili, najua lilifanyika mikononi mwa aliyelitengeneza. Likifanywa baada ya laka, linaweza kuwa la kiwandani bado, lakini linaweza pia kuwa la yeyote aliyelimiliki kwa miaka sabini iliyofuata. Hapo ushahidi unashuka daraja.

MUSA: Na ile habari ya misumari ya Fender?

ZUHURA: Naipenda sana hiyo. Mpaka katikati ya miaka ya 1960 mafundi wa Fender walikuwa wanapigilia misumari midogo kwenye uso wa bodi, ili bodi isimame juu ya misumari hiyo wakati rangi inakauka. Baadaye misumari inang'olewa. Kwa hiyo chini ya kinga ya plastiki inayofunika uso wa bodi kunabaki vishimo vidogo ambavyo ndani yake hamna rangi. Bodi ikipakwa upya, rangi mpya inaingia kwenye vishimo hivyo. Mtu anaweza kughushi mambo mengi, ila wengi hawakumbuki vishimo vya misumari.

MUSA: Ngoja niingie kwenye namba, kwa sababu msikilizaji wetu anahangaika kwamba gitaa lake halina. Kukosa namba hakumaanishi kitu kikubwa. Les Paul za kwanza za kampuni ya Gibson, mwaka 1952, zilitoka bila namba ya mfululizo, na yalikuwa magitaa ya kawaida ya dukani. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni gitaa lenye namba nzuri mno.

ZUHURA: Kama 0001.

MUSA: Kama 0001! Stratocaster, modeli nyingine ya Fender, ya David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd yenye namba hiyo iliuzwa mnadani Christie's mwaka 2019 kwa dola 1,815,000 za Marekani. Gitaa zuri, lina historia yake, lakini si Stratocaster ya kwanza kutengenezwa. Shingo yake imeandikwa Juni 1954 na bodi Septemba 1954, na zipo zilizotangulia. Namba ya Fender iko kwenye bamba la chuma, na mafundi hawakuwa wakichukua mabamba kwa utaratibu wa kuhesabu. Halafu bamba lenyewe limeshikwa kwa skrubu nne.

ZUHURA: Kampuni ya Rickenbacker nao vilevile. Namba iko kwenye kibamba cha tundu la waya, kinafunguliwa kwa bisibisi tu.

MUSA: Na hapo kuna mfano wa gitaa la majaribio linalothibitika vizuri. Lile la nyuzi 12 alilopewa George Harrison wa Beatles huko New York Februari 1964 lilikuwa la pili la aina hiyo kutengenezwa na Rickenbacker. Namba yake ni CM107, C ikiwa mwaka 1963 na M ikiwa Desemba. Lakini kinachofanya liaminike si kibamba. Linaaminika kwa sababu njia yake kutoka kiwandani hadi mikononi mwa Harrison inajulikana, na limepigwa picha tangu siku za mwanzo. Namba, picha na mwenendo wa umiliki vyote vinaelekea upande mmoja.

ZUHURA: Twende ndani, kwenye nyaya. Potensiomita, zile zinazogeuzwa kupandisha sauti au kubadilisha toni, nyingi za Marekani zina msimbo uliogongwa mgongoni. Tarakimu tatu za kwanza ni mtengenezaji: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole, 134 ni Centralab. Zinazofuata ni mwaka na wiki. Ukisoma 137 6612, hiyo ni CTS, mwaka 1966, wiki ya 12.

MUSA: Na watu hukimbilia kusema "gitaa ni la Machi 1966".

ZUHURA: Hilo si sahihi. Msimbo unakuambia gitaa halikukamilika kabla ya wiki hiyo, basi. Fender walinunua shehena kubwa ya potensiomita za 1966 na ziliendelea kufungwa miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo msimbo una nguvu ya kukanusha kuliko ya kuthibitisha. Gitaa linaloitwa la majaribio ya 1954 likiwa na potensiomita ya 1957, ama potensiomita ilibadilishwa, ama hadithi si ya kweli. Hapo natazama lehemu. Lehemu ya zamani imefifia, ina vumbi lililoganda, na waya umekaa kwenye mkunjo wake wa siku zote. Iliyoguswa tena inang'aa.

MUSA: Na taa ya urujuanimno, yaani UV?

ZUHURA: Kwanza kabisa, kabla hujashika bisibisi. Zima taa nyingine zote, mulika gitaa zima. Laka ya nitroselulosi iliyozeeka huakisi mng'ao wa kimanjano kuelekea kijani. Laka mpya haifanyi hivyo, na sehemu iliyopakwa juu baadaye inajitokeza kama kiraka. Nimeona watu wakitumia saa nzima kujadili umbo la kichwa, wakati taa ingewaonyesha kwa dakika moja kwamba kichwa kimechongwa upya.

MUSA: Sasa karatasi. Kwa maoni yangu hapa ndipo utafiti unapokuwa mtamu, na ndipo watu wengi hudanganyika. Angalia hataza za Gibson, zile hati za kulinda uvumbuzi. Juni 1957 Ted McCarty, rais wa Gibson, na kampuni yake waliwasilisha maombi ya hataza za maumbo matatu, na zikatolewa Januari 1958. Moja ikawa Flying V. Moja ikawa Explorer, ingawa mchoro wa hataza haulingani sawasawa na Explorer iliyouzwa. Ya tatu ni Moderne. Flying V za mbao ya limba za 1958 na 1959 zinahesabiwa kuwa 98. Moderne ya miaka hiyo? Hakuna hata moja iliyothibitishwa.

ZUHURA: Na ndiyo inayotafutwa kuliko zote.

MUSA: Kwa sababu mchoro upo! Mchoro wa hataza unathibitisha kwamba wazo lilikuwepo, tarehe fulani, kwa mtu fulani. Hauthibitishi kwamba mbao ilikatwa. Na ubaya wake, mchoro ule ni wa wazi kwa kila mtu, kwa hiyo ndio mwongozo bora wa mghushi. Gibson wenyewe walikuja kutoa Moderne mwaka 1982. Hivyo mtu anaweza kuwa na Moderne halisi ya Gibson mkononi, na bado isiwe ile.

ZUHURA: Kwa hiyo gitaa linalofanana kupita kiasi na mchoro linakupa shaka?

MUSA: Linanipa shaka kubwa. Mchoro huchorwa, halafu mafundi wanakutana na matatizo ya kweli: uzito, mlingano, mahali pa kupitisha waya. Ningetegemea gitaa la majaribio litofautiane na mchoro mahali fulani, na tofauti hiyo iwe na sababu ya kifundi. Kuna Explorer za mapema zenye kichwa kilichogawanyika kama V, kabla ya kile cha kupinda kilichozoeleka. Hiyo ni tofauti yenye maana, unaiona njia kutoka mchoro hadi bidhaa.

ZUHURA: Katalogi je? Watu wanaiamini sana katalogi.

MUSA: Fender Marauder ilikuwa kwenye katalogi ya 1965, pikapu zake zimefichwa chini ya kinga ya plastiki. Haikuwahi kutengenezwa kwa mauzo. Yaliyopo ni ya majaribio, machache. Huo ni mfano wa karatasi kuahidi na kiwanda kutotimiza. Kinyume chake, lile gitaa la kwanza la Rickenbacker, lenye umbo la kikaango, lilichongwa kwa mbao na fundi Harry Watson mwaka 1931, wakati ombi la hataza la mbunifu wake, George Beauchamp, liliwasilishwa 1934 na hataza kutolewa 1937. Kitu kilitangulia karatasi kwa miaka. Kwa hiyo usipoona karatasi ya mwaka unaoutafuta, panua dirisha lako pande zote mbili.

ZUHURA: Na hata namba iliyochapishwa inaweza kukupoteza. Vile vibandiko chini ya pikapu za Gibson vya miaka ya 1960, namba ya hataza iliyoandikwa pale ni 2,737,842. Ukiitafuta, si hataza ya pikapu ya Seth Lover, mhandisi wa Gibson, hata kidogo. Ni ya daraja la Les Paul.

MUSA: Mtafiti anayejua hilo hatashangaa. Asiyejua ataandika makala nzima.

ZUHURA: Basi tumrudie msikilizaji wetu. Mimi namwomba jambo moja kabla ya yote: asilisafishe. Asing'arishe freti, vile vyuma vya shingoni, asibadilishe skrubu yenye kutu, asiguse lehemu. Vumbi la ndani ya matundu ni sehemu ya ushahidi.

MUSA: Na azungumze na aliyemuuzia leo, si mwezi ujao. Alilipata wapi? Kwa nani? Kuna picha ya zamani, hata ya harusi, ambayo gitaa linaonekana nyuma ya watu? Kuna risiti, barua, kisanduku chake cha awali? Kama kuna mzee aliyefanya kazi kiwandani, amrekodi akieleza kazi yake ya kila siku kwanza, kabla hajamwonyesha gitaa. Ukimwonyesha gitaa na kumwambia unadhani ni la majaribio, atakubali kwa heshima tu.

ZUHURA: Na kama ubao wa vidole ni mpingo-waridi wa Brazili, asilitume nje ya nchi kwa uchunguzi bila vibali. Mti ule, Dalbergia nigra, uko kwenye Kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, tangu 1992. Forodha wanaweza kulizuia.

MUSA: Picha je, atutumie zipi?

ZUHURA: Mbele na nyuma, zima, mwanga wa kawaida. Halafu zilezile chini ya urujuanimno. Kisha kichwa pande zote mbili, na kinga ya plastiki ikifunguliwa, matundu yote kwa karibu huku rula ikiwa kando. Mgongo wa kila potensiomita. Shingo, kama imefungwa kwa skrubu, aifungue mtu mwenye uzoefu, tuone kisigino chake, yaani mwisho wake, na mfuko wake, yaani tundu linamokaa. Kama kuna maandishi ya penseli, asiyapitishe kidole.

MUSA: Mimi nitaanza na mashimo yaliyozibwa.

ZUHURA: Najua. Na mimi nitaanza na laka juu yake. Tukizipata picha, tutampigia simu hapahapa kwenye kipindi kijacho, akiridhia.