Wavuvi Watatu na Mungu Mmoja
(Mhadhara uliotolewa Ujiji, Kigoma)

Asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na nyie mliosimama pale barazani mkingoja kuona nani atagaragazwa leo, karibuni kivulini. Leo hagaragazwi mtu.

Mihadhara ya dini hapa Ujiji tumeizoea: kipaza sauti, msomaji wa aya, na jioni kila upande unarudi nyumbani umeshinda. Mimi ni mwalimu mstaafu na ni Mkristo. Ushindi sina haja nao. Swali ni moja: Mkristo anaabudu Mungu mmoja au miungu watatu?

Jibu langu ni mmoja. Lakini, Wakristo wenzangu, kwa namna tunavyoeleza, anayesikia watatu hajatuonea.

Chukueni mafiga. Utotoni niliambiwa Utatu, yaani Baba, Mwana na Roho Mtakatifu kuwa Mungu mmoja, ni kama mafiga matatu yaliyobeba chungu kimoja. Nilipokua nikamweleza hivyo jirani yangu Mwislamu, fundi wa mitumbwi. Hakubisha. Aliinama jikoni, akavuta figa moja pembeni. "Hili si figa kamili?" Kamili. "Na haya mawili?" Nikanyamaza. Kilicho kimoja pale ni chungu, na chungu hakuna anayekiabudu. Mfano wa maji, barafu na mvuke nao hautufikishi mbali: barafu ikiyeyuka si barafu tena, sasa Yesu alipokuwa akibatizwa ndani ya Yordani, sauti ya mbinguni ilikuwa ya nani? Sabelio, mwalimu wa Kikristo, alifundisha jambo la namna hiyo karne ya 3, kwamba ni Mungu yuleyule anayebadili sura, na kanisa likamkataa.

Swali la fundi wangu ni la zamani. Karne ya 4 mtu aitwaye Ablabio alimuuliza Gregorio, askofu wa Nisa, katika nchi ambayo leo ni Uturuki: Petro, Yakobo na Yohana wana ubinadamu mmoja, nasi twawaita watu watatu. Kwa nini Baba, Mwana na Roho, wenye uungu mmoja, wasiitwe miungu watatu?

Jibu la Gregorio nitalishusha hapa ziwani. Wavuvi watatu wa dagaa wanatoka usiku wa giza, kila mmoja na taa yake na wavu wake. Alfajiri huyu kajaza, huyu kapata nusu, wa tatu karudi na mafuta yaliyoisha tu. Kazi zao ni tatu, ndiyo maana nao ni watatu. Hata ukiwapakia mtumbwi mmoja, mmoja akichoka wawili wataendelea kuvuta. Kwa Mungu, asema Gregorio, hakuna kazi ya Baba huku na ya Mwana kule. Tendo ni moja: laanza kwa Baba, lapitia kwa Mwana, lakamilika katika Roho. Uhai hatupewi mara tatu.

Linatosha? Kwangu nusu. Maana Gregorio aliongeza kwamba hata kusema "watu watatu" ni mazoea mabaya ya lugha, kwa kuwa ubinadamu ni mmoja. Hapo mimi nashuka mtumbwini.

Lugha yetu nayo imetuponza. Twasema "nafsi tatu", na mtaani nafsi ni mtu na moyo wake: nafsi yangu imekataa. Msikilizaji anaona wazee watatu kikaoni. Ila darasani, kwenye sarufi, kuna nafsi nyingine: mimi, wewe, yeye. Hiyo si ushahidi, lakini inakaribia zaidi kile Wakristo wanachokusudia, kwamba ndani ya Mungu mmoja yuko anayesema na yuko anayeambiwa.

Kuna wanaodhani kwenye mkutano mkuu wa kanisa huko Nikea, mwaka 325, maaskofu walikaa kuongeza mungu. Ario, kasisi wa Aleksandria, alisema Mwana ni kiumbe. Aliona ndivyo anavyoulinda umoja wa Mungu. Athanasio, mpinzani wake wa huko huko Aleksandria, akamgeuzia: kama ni kiumbe nawe unamwabudu, umeabudu kiumbe! Pande zote mbili zilipigania Mungu mmoja. Na Suratun-Nisaa, aya ya 171, inapokataza kusema "Watatu", ikiwa maana yake ni miungu watatu, kanisa halina budi kuitikia amina.

Mashekhe mliopo mnijuze nikikosea: Muutazila, kundi la wanazuoni wa Kiislamu wa zamani, walihofu kwamba elimu na uwezo wa Allah zikiwa sifa za milele zilizo kando ya dhati yake, yaani Yeye mwenyewe, wa milele watakuwa wengi. Waashari, kundi jingine la wanazuoni, wakajibu kwamba sifa si Yeye, wala si kingine kisicho Yeye. Sisemi huo ni Utatu, hasha. Sifa haisali kwa sifa nyenzake. Nasema tu kwamba hata kwenu umoja wa Mungu haukuhesabiwa kama maembe ya sokoni.

Fundi wangu alinibakizia moja: Yesu aliyepiga magoti bustanini Gethsemane, kabla ya kukamatwa, alikuwa akimwomba nani? Ninalo jibu la vitabuni, kwamba alisali kwa ubinadamu wake, Mwana akimwomba Baba. Nilimpa. Akaendelea kupiga randa ubao wake, kisha akasema, "Nimekuelewa unachokataa. Unachokubali bado."

Mzee mwenye kofia pale kanyoosha mkono tangu kwenye mafiga. Mpeni kipaza sauti.