Pointi za kadi na safari ya nyumbani: zinaishia wapi

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote mambo vipi. Nimepewa nusu saa na nasikia harufu ya pilau kutoka huko jikoni kwa hiyo sitawachosha. Mada ni hizi pointi za kadi za mkopo za hapa Marekani, unazopewa kila ukilipia kitu kwa kadi halafu unazigeuza tiketi ya ndege, hizi ambazo kila mtu ana shemeji yake aliyekwenda Dar bila kulipa nauli, basi na yeye kaenda kuchukua kadi, halafu Desemba ikifika anakuta pointi zake hazitoshi hata tiketi ya mtoto. Mi sijaja kuwaambia muache kadi, ninazo mwenyewe hapa kwenye pochi. Nimekuja kuongea zinaishia wapi, maana benki wakikupigia tangazo hiyo sehemu hawaisemi.

Tuanze na hela inatoka wapi. Ukipitisha kadi dukani mwenye duka anakatwa, hapa Marekani mara nyingi ni asilimia 2 mpaka 3 ya ulichonunua, na pointi zako zinatoka humo, nyingine zinatoka kwenye riba ya wale wanaochelewa kulipa. Ndo maana ndugu zetu walioko Ulaya wakisikia habari za pointi 60,000 wanaona tunawadanganya. Kule Umoja wa Ulaya waliweka sheria mwaka 2015, benki inayotoa kadi ya mkopo haichukui zaidi ya asilimia 0.3 kwa mwenye duka, sasa kwenye 0.3 atakupa nini? Hata hapa kadi za debiti zilikuwa na pointi zamani, sheria ya mwaka 2010 ikabana makato ya debiti kwa mabenki makubwa na zile pointi zikapotea karibu zote. Kwa hiyo hii kitu inasimama juu ya sheria za nchi moja, zikibadilika na yenyewe inabadilika.

Na ni biashara kubwa kuliko mnavyodhani. Juni 2020, corona imeshika, ndege zimelala, shirika la ndege la United wanatafuta mkopo wa dola bilioni 5, wakaweka rehani nini? Siyo ndege. Waliweka ule mpango wao wa maili, yaani pointi za shirika lenyewe la ndege, unaitwa MileagePlus, na wakaukadiria thamani ya dola bilioni 21.9, yaani kuliko hisa zote za kampuni yenyewe sokoni wakati ule. Shirika la ndege linachapisha maili, linaiuzia benki, benki inakupa wewe. Sasa anayechapisha ndo huyo huyo anayepanga zinanunua nini. Hilo mlishike kwa sababu mengine yote yanatoka hapo.

Zamani kulikuwa na jedwali, limeandikwa Marekani kwenda Afrika ni maili kadhaa, unajiwekea lengo unakusanya mwaka mzima unajua utafika. Shirika la Delta waliliondoa mwaka 2015, United wakafuata Novemba 2019, sasa hivi bei ya maili inapanda na kushuka kama bei ya keshi. Unakusanya kuelekea goli linalohama. Septemba 2024 wizara ya usafirishaji ya Marekani iliwaandikia mashirika ya ndege ya American, Delta, Southwest na United ikiwataka waeleze hizi programu zao zinavyoendeshwa, pamoja na hili la kushusha thamani. Lakini wewe usikae unasubiri wizara, tumia pointi zako.

Sasa nije kwenye linalotuhusu sisi hasa. Hizi programu zinamfaa mtu mmoja, au wawili, hawana watoto wa shule, wanaweza kuondoka Jumanne ya Februari na kurudi Alhamisi yoyote. Sisi tunasafiri vipi? Baba, mama, watoto watatu, tarehe 18 Desemba shule zimefungwa, tarehe 5 Januari lazima turudi, na kila mtu na mabegi yake mawili. Hapo pointi zinakuwa ngumu sana.

Niwaonyeshe kwa karibu. Tuseme unatafuta Washington kwenda Dar na Ethiopian, unapita Addis Ababa. Ethiopian wako Star Alliance, ule muungano wa mashirika ya ndege ambao United nao wamo, tangu 2011 kwa hiyo maili za United zinafanya kazi, na pointi za benki ya Chase unaweza kuzihamishia United. Unaingia unaandika abiria 5, inakuambia hamna, au inakutajia bei ya kutisha. Mtu anafunga simu anasema pointi ni utapeli. Kumbe shirika limeachia siti mbili tu za pointi za bei ya chini kwenye ndege ile, na mtambo ukiulizwa watu watano haukupi mbili za rahisi na tatu za ghali, unawapandisha wote watano kwenye ile bei ambayo siti tano zipo. Kwa hiyo tafuta abiria mmoja kwanza, halafu wawili, halafu watatu, utaona bei inaruka wapi. Wawili waende kwa pointi, watatu kwa keshi, ndege hiyo hiyo, ila mnakuwa na namba mbili tofauti za buking na ni lazima upige simu waziunganishe, maana ndege ikibadilishwa mnaweza kujikuta mama yuko Addis na watoto wako Dulles, uwanja wa ndege wa Washington.

Halafu kuna siti hewa. Unaiona kwenye tovuti ya shirika moja, unahamisha pointi zako kutoka benki, unarudi kubonyeza, siti hamna, na pengine haikuwepo tangu mwanzo, mtambo ulikuwa haujajisasisha. Pointi zikishatoka benki kwenda shirika la ndege hazirudi. Hazirudi kabisa, hata ulie. Kabla ya kuhamisha ihakikishe siti sehemu mbili, au piga simu shirika husika uulize wanaiona. Na usihamishe kwa ajili ya "nitazihitaji baadaye", zikae benki, huko zina milango mingi, zikishaingia kwa shirika moja zina mlango mmoja.

Kodi na makato mengine unalipa keshi, wengine hawajui hili. Ukitumia maili za Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM, kupanda KLM kwenda Kilimanjaro au Dar, juu ya maili unaongeza dola mia kadhaa kila kichwa, Emirates nao wanajulikana kwa makato mazito. Watano mara dola mia kadhaa, piga mwenyewe. Na mtoto wa kupakata chini ya miaka miwili usidhani anapita bure, mashirika mengi yanadai asilimia 10 ya nauli ya keshi, hata kama mama yake kapanda kwa maili.

Nimeona mkono, dada umeuliza kuhusu kutuma hela nyumbani kwa kadi ili upate pointi. Asante, hili nilikuwa nimelipanga kabisa. Usifanye. Benki nyingi zinahesabu kutuma hela kama kutoa keshi kwa kadi ya mkopo. Umetuma dola 500 kwa mama Tanga. Benki inakata asilimia 5, hiyo ni dola 25 zimeenda. Riba inaanza siku hiyo hiyo, hakuna zile siku za kusubiri bili, na riba ya keshi kwenye kadi nyingi inakaribia asilimia 30 kwa mwaka. Na pointi ni sifuri. Juu ya hapo kampuni ya kutuma nayo ina ada yake. Kwa hiyo mama kapata 500 zake, wewe umelipa zaidi na hujapata hata pointi moja. Tuma kwa akaunti ya benki au debiti, basi.

Na kwa kuwa tumegusa riba. Kwa upande wa dini sitaingia, masheikh wapo hapa, nitasema hesabu tu. Una deni la dola 3,000 kwenye kadi ya riba asilimia 24, mwezi mmoja ni kama dola 60. Pointi ulizopata kwa kutumia hizo 3,000, moja kwa kila dola, ni 3,000, ukizigeuza keshi ni dola 30. Mwezi wa kwanza tu wamechukua mara mbili ya walichokupa, na mwezi wa pili wanaendelea, wewe pointi huongezewi. Mtu anayebeba deni mwezi hadi mwezi hana kadi ya pointi, ana mkopo wa bei mbaya wenye picha ya ndege. Lipa lote kila mwezi, kama huwezi kaa pembeni mpaka deni liishe.

Bonasi ya kufungua kadi mpya ndo kwenye nyama, hilo halibishaniwi. Mpaka ufikishe pointi 60,000 kwa matumizi ya kawaida ya pointi moja kwa dola unatakiwa utumie dola 60,000, ila bonasi inakupa hizo kwa kutumia 4,000 au 5,000 ndani ya miezi mitatu. Lakini mwisho wake upo. Chase, ukiwa umefungua kadi 5 au zaidi kwenye benki yoyote ile ndani ya miezi 24, kwa kawaida wanakukataa. American Express bonasi ya kadi fulani ni mara moja maishani. Na wewe uliyenunua vitu ambavyo hukuvihitaji ili ufikishe zile 5,000, bonasi umejilipia mwenyewe.

Ada nazo zinapanda. Kadi ya Chase inayoitwa Sapphire Reserve ilipotoka 2016 ilikuwa dola 450 kwa mwaka, 2020 ikawa 550, 2025 imefika 795. Watakuambia inajilipa kwa krediti, yaani hela wanazokurudishia kwa matumizi fulani, dola 300 za safari, hiyo sawa, zilizobaki ni krediti za vipande vipande, chakula cha kuletewa, teksi, huku mwezi ukiisha hujatumia zimepotea. Kwa familia nyingi humu ndani kadi ya ada ya 95 inatosha, hayo ni maoni yangu mtanisamehe wenye kadi za chuma, zile za ada kubwa.

Mzee ameuliza kama pointi zinarithiwa. Mzee wangu, soma masharti, kwenye programu nyingi za ndege wameandika kwamba maili siyo mali ya mwanachama, na Delta kwa mfano hawaruhusu zihamishwe mtu akifariki. Usiziweke kwenye hesabu ya mirathi. Zitumie ungali hai.

Na hapo kwenye misiba ndo pointi zinatufaa kuliko kwenye likizo. Simu imekuja saa nane usiku, anatakiwa aondoke mtu mmoja, kesho, shirika lolote, njia yoyote. Bei ya keshi siku hiyo inaweza kuwa mbaya sana, lakini siti moja ya pointi mara nyingi inapatikana hata siku za mwisho, shirika linaachia ambazo hazikuuzika. Anza na Ethiopian kupitia United au Air Canada, halafu KLM kwa Flying Blue, halafu Kenya Airways kutoka New York mpaka Nairobi, hiyo ipo tangu Oktoba 2018, Nairobi Dar utanunua kipande cha keshi. Akaunti za hayo mashirika fungua leo ukiwa umetulia, na uziunganishe na benki yako, jina liwe sawasawa na la kwenye pasi, maana wakiona jina limetofautiana au akaunti ni mpya wanaweza kushikilia pointi kwa siku kadhaa, na mazishi hayasubiri.