Chuo kinachofunguliwa jioni, na mama zangu wa Majengo

Mbukwenyi, wapendwa! Dodoma, mbukwenyi! Mnivumilie makelele, hii treni namba 7 inapita juu kwa juu kwenye nguzo za chuma, ukiongea chini haikupi nafasi. Niko Queens, New York. Nimetoka zamu ya kutunza wazee, mguu wa kulia umevimba, na naelekea darasani.

Lile jengo nyuma yangu lilikuwa kiwanda. Mwaka 1971 likageuzwa chuo, kikaanza na wanafunzi kama 500. Ndicho LaGuardia, leo kina maelfu kwa maelfu. Huku wanaviita vyuo vya jamii, na cha kwanza cha umma kilianza 1901 kule Joliet, Illinois, kikiwa na wanafunzi 6. Sita tu, ndugu zangu!

Unasoma miaka miwili, ukitaka unahamia chuo kikuu na masomo uliyokwisha kufaulu mengi yanahesabiwa. Hukumaliza sekondari? Kuna darasa la kukuandaa kwa mtihani wa kukupa cheti kinacholingana. Kiingereza kinakupiga chenga? Kuna darasa lake. Una mtoto mdogo? Chuo kina kituo cha kulelea watoto.

Pembeni yangu darasani anakaa baba mmoja, viatu vyake vina saruji iliyokauka kwenye visigino. Kila akifungua daftari anapangusa kwanza kiganja kwenye suruali, taratibu, ndiyo ashike kalamu. Ana miaka hamsini na kitu. Jumanne alitatua hesabu ya asilimia ubaoni, darasa zima tukapiga makofi. Nikamkumbuka fundi aliyetujengea ukuta Chang'ombe.

Mimi nikiwa na miaka 27 nilikwenda kuuliza kozi ya uhasibu kwenye chuo kimoja nyumbani. Wakaniambia vipindi ni asubuhi mpaka saa nane mchana, basi. Saa hizo nilikuwa soko la Majengo na mama, tunapanga mafungu ya nyanya tangu alfajiri. Akili ilikuwepo, hata ada ningejibana. Saa ndizo zilizonitoa. Na najua mama zangu wengi pale sokoni wanaopiga hesabu za mkopo, faida na hasara kichwani bila kukosea, ila hawana karatasi inayosema wanajua.

Sasa tazameni mji wetu wa Dodoma ulivyopanuka tangu serikali ilipotangaza kuhamia rasmi mwaka 2016. Nala, Ihumwa, Mtumba, Nkuhungu, kote ni tofali na nondo. Sensa ya 2022 ilikuta jijini watu zaidi ya 765,000. Wanaojenga ni vijana waliojifunza kwa kubeba ndoo za zege. Kaka yangu fundi, kama unanisikia: VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima ujuzi ulioupata mtaani na kukupa cheti. Nenda pale VETA Dodoma ukaulize. Usiseme umri umekwenda.

Na chuo cha wananchi si kitu kigeni kwetu. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianzishwa mwaka 1975, enzi za Mwalimu Nyerere, kwa kuangalia mfano wa Sweden: mtu mzima aje ajifunze useremala, ushonaji, kilimo, arudi kwao. Mkoani kwetu kuna Chisalu kule Mpwapwa na Munguri kule Kondoa. Nchi nzima ni zaidi ya 50. Vingi vilifuata vijiji, maana mwananchi wa wakati ule alikuwa kijijini. Mwananchi huyo sasa amepanga chumba Nkuhungu, anatoka kazini saa kumi na moja jioni, na mtoto yuko mgongoni.

Ndiyo maana naomba, tena kwa moyo wote: madarasa ya jioni yaongezwe mjini, karibu na masoko na stendi, na chumba kimoja cha watoto. Majengo tayari yapo, jioni mengi yanafungwa kwa kufuli. Viongozi wetu wa kata mnaotazama chaneli hii, lisemeni kwenye vikao.

Mama, ukiiona video hii, mpelekee yule fundi simu aisikilize mwenyewe. Mwambie kuna mzee mwenzake huku ana viatu vya saruji kama vyake.

Saa kumi na mbili hiyo, mwalimu ameshaingia. Nazima.