Maji ya Fukushima: nawajibu nikiwa kwenye mfereji wa Mabogini

Shikamooni wazee wangu, na ninyi vijana wenzangu, habari za Desemba. Leo hamnioni Sendai, kule Japani ninakoishi. Nimekuja Moshi kula sikukuu nyumbani, na huu mnaouona nyuma yangu ni mfereji wa mpunga wa Mabogini. Mnisamehe kelele za pawatila, baba mdogo analima.

Nimekuja hapa kwa sababu yake. Jana aliniuliza jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza tangu Wajapani waanze kumwaga baharini maji ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Agosti 24, 2023. "Mwanangu, huko maji yana sumu, na ninyi mnakula wali?" Sikuweza kumjibu kwa neno moja. Na mifereji hii ya mpunga ilijengwa kwa msaada wa Wajapani hao hao, kwa hiyo naona anastahili jibu la maana.

Machi 11, 2011 tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilileta tsunami. Maji ya bahari yakazima majenereta ya dharura ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi, vinu vitatu vikakosa kupoozwa, mafuta yake yakayeyuka. Hayo mliyasikia. Kilichosemwa kidogo ni kwamba sumu ile ya mionzi haikubaki pwani. Upepo uliibeba kuelekea kaskazini magharibi, mvua na theluji zikaiangusha kwenye milima yenye misitu. Na mtu wa Mabogini, anayekunywa na kulima kwa maji ya Kilimanjaro, hahitaji kufundishwa kwamba kinachoanguka mlimani kitashuka.

Siku za mwanzo hofu ilikuwa iodini yenye mionzi. Machi 23 Tokyo ilitangaza kwamba maji ya bomba kwenye mtambo mmoja yalikutwa na bekereli (kipimo cha mionzi) 210 kwa kilo, wakati kikomo cha watoto wachanga kilikuwa 100. Wazazi wakaanza kusaka maji ya chupa. Lakini iodini ile hupungua nusu kila siku nane, ikaisha yenyewe. Seziamu-137, sumu nyingine ya mionzi iliyotoka kwenye vinu, haiishi hivyo. Inachukua miaka 30 kupungua nusu tu.

Sasa tazameni hii glasi. Nimechota mfereji huu saa kumi na mbili asubuhi, yalikuwa maji ya rangi ya kahawia. Saa hizi juu ni meupe, chini kuna tope. Seziamu inaupenda udongo wa mfinyanzi, ikiushika haiachii kirahisi. Ndiyo maana mitambo ya kusafisha maji kule iliweza kuyatoa yakiwa salama: tope linagandishwa, linazama, linaondoka na seziamu. Shida ikahamia kwenye tope lenyewe.

Mto Abukuma unapita katikati ya mkoa wa Fukushima, unaingia Miyagi ninakoishi, halafu Pasifiki. Siku za kawaida hubeba kidogo. Siku ya mvua kubwa ndiyo unasomba tope lote. Oktoba 2019 kimbunga Hagibis kiliufurisha mto ule, na huko huko Fukushima baadhi ya mifuko ya udongo na nyasi zilizokuwa zimekusanywa kwenye usafi wa mionzi ikachukuliwa na maji. Mashamba na viwanja walikwangua udongo wa juu, misitu ya milimani kwa sehemu kubwa hawakuigusa. Nani atakwangua mlima mzima? Hebu fikirini tuambiwe tukwangue msitu wote ulio juu ya Uru na Kibosho.

Wali, baba mdogo. Ndiyo, naula, na wa Fukushima pia naula. Kuanzia mavuno ya 2012 walipima kila gunia la mchele wa mkoa ule, si sampuli, kila gunia. Na mashambani walimwaga mbolea ya potasiamu, kwa sababu mmea hushindwa kutofautisha seziamu na potasiamu. Ukiushibisha potasiamu, seziamu haipati nafasi ya kuingia. Mkulima aliyefanya kazi ile mwaka baada ya mwaka, huku wateja wanamkimbia, mimi namheshimu kutoka moyoni.

Samaki wa mito ya milimani ni jambo jingine. Samaki wa maji baridi huzing'ang'ania chumvi za mwilini, na seziamu hubaki naye muda mrefu kuliko samaki wa bahari. Hao siwaongezi kwenye sahani mpaka nijue wamepimwa.

Na yale yanayomwagwa baharini? Yamechujwa seziamu na strontiamu, ambayo nayo ina mionzi, na kilichobaki hasa ni tritiamu, yaani hidrojeni yenye mionzi, ambayo haichujiki kwa sababu imekuwa sehemu ya maji yenyewe. Wanayachanganya na maji ya bahari mpaka yawe chini ya bekereli 1,500 kwa lita. Kwa vipimo hivyo silali macho. Ila wavuvi walipewa ahadi ya maandishi mwaka 2015 kwamba hakuna kitakachofanyika bila kuelewana nao, kisha maji yakamwagwa wakiwa bado wanapinga. Hilo linaniuma, na haliponi kwa kuonyeshwa namba.

Baba mdogo alisikiliza yote haya jana usiku, akaniuliza swali moja tu: "Na lile tope walilokwangua, walilipeleka wapi?"

Liko Okuma na Futaba, miji iliyouzunguka mtambo. Kama mita za ujazo milioni 14. Sheria inataka kufikia 2045 liwe limetolewa, lipelekwe nje ya mkoa wa Fukushima.

"Mkoa gani?"

Nikamwambia ukweli, baba mdogo, haujapatikana mkoa uliokubali.